Wazee Wetu Katika Nyumba za Mjini

Kwa miaka thelathini na zaidi tulisimama mbele ya wanafunzi wa sekondari tukifundisha, pamoja na mengine, kwamba mzee katika jamii ya Kiafrika hana shaka na kesho yake. Hatukukosa maandishi ya kutuunga mkono. Mwaka 1962, alipokuwa akieleza msingi wa ujamaa, Mwalimu Nyerere aliandika kwamba yule mzee aliyeonekana kukaa tu huku wengine wakimfanyia kazi, kumbe alikwisha kufanya kazi yake kwa bidii katika siku zote za ujana wake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 nalo, lilipotaja watu wanaoweza kuishi kwa kazi ya wengine pasipo kuitwa wanyonyaji, liliwaweka pamoja watoto wadogo, wazee wasiojiweza na vilema. Mambo hayo tuliyaandika ubaoni, wanafunzi wakanakili, na kengele ilipolia tulikwenda zetu nyumbani.

Nyumbani huko, mwaka 2016, tulimfungia mama yetu mzazi chumbani kwa kufuli.

Yafaa tueleze jinsi ilivyokuwa, maana msomaji anaweza kudhani kuwa tunasimulia habari za watu wakatili, na watu wakatili hawana la kutufundisha. Marehemu baba alikuwa kuli bandarini Dar es Salaam. Mama alimfuata kutoka Rufiji mwaka 1958, nao wakajenga Magomeni nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi ukipita katikati. Mama alikaanga vitumbua kwa miaka arobaini, na vitumbua hivyo ndivyo vilivyotulipia ada na sare. Mwaka 2014 alipatwa na kiharusi, mkono na mguu wa kuume ukafa ganzi. Alilala hospitali siku tisa. Siku ya kumtoa tulikabidhiwa karatasi ya dawa na tarehe ya kurudi, lakini hakuna aliyetuonyesha namna ya kumwinua mtu mzito kitandani pasipo kumwumiza yeye wala kuuvunja mgongo wa anayemwinua. Tulidhani ni jambo ambalo kila mtu hulijua, tukaona haya kuuliza.

Mguu ulirudi kidogo, akawa anajikokota kwa mkongojo. Lililofuata ndilo lililotushinda. Mama alianza kusahau; kwanza alisahau majina ya wajukuu, halafu siku za juma, halafu mahali alipo. Alfajiri aliamka akatafuta ndoo, akasema anakwenda mtoni. Mara mbili alionekana akiivuka barabara ya Morogoro kwa gauni la kulalia. Sisi alituita kaka, kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Msichana aliyetoka Singida kutusaidia kazi, mtoto wa miaka kumi na minane ambaye hakupata kufundishwa lolote juu ya maradhi ya namna ile, alivumilia miezi mitano, kisha usiku mmoja akalia, akaomba nauli. Mwenzetu wa nyumbani aliuza duka la vitambaa Kariakoo, nasi tulikuwa na vipindi vya kidato cha nne. Basi tukanunua kufuli. Tulimwachia chai katika chupa, mkate, kopo la haja na redio, tukajiambia kwamba ni kwa saa sita tu.

Siku ya kumi na moja jirani wa nyumba ya pili, mama mtu mzima, alisikia kitu kikigonga ukuta. Aliita watoto wa mtaani, wakavunja kufuli kwa nyundo. Mama alikuwa sakafuni, chai imemwagika, naye alikuwa akigonga ukuta kwa mkongojo wake, hatujui kwa muda gani. Tulipofika tulimkuta jirani amekwisha kumwosha na kumvalisha kanga safi. Hakutugombeza. Alisema tu, "Mwalimu, hata mbuzi hufungwa kwa kamba ndefu."

Usiku ule tulizungumza kwa simu na ndugu zetu watatu, wa Mwanza, wa Mbeya na wa Mtwara. Kila mmoja alikuwa na rai, na rai za watu walio mbali huwa na nguvu sana. Mmoja alisema mama arudishwe kwao, Rufiji, akatunzwe na ukoo. Rai hiyo tuliipenda wote, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa desturi: mtu wa mjini akizeeka hujikokota zizini kwake kama ng'ombe aliyevunjika guu malishoni. Lakini zizi lenyewe liko wapi? Kijiji alichozaliwa mama kilikuwa bondeni, kandokando ya mto. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 watu wa bonde lile walihamishiwa mahali pa juu, katika vijiji vipya. Mto aliokuwa akiutafuta kila alfajiri uko, bali mji alioutoka haupo. Waliobaki huko ni wajukuu wa ndugu zake, nao, kila anayeweza kubeba mzigo yumo Mbagala akitafuta riziki.

Hapo ndipo tulipoanza kulitazama jambo hili kama la taifa. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta Dar es Salaam ina watu wasiofika laki nne. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu zaidi ya milioni tano. Wale vijana waliokuja kwa meli, kwa treni na kwa mabasi katika miaka ya sitini na sabini, wakawa makuli, makarani, wauguzi, madereva na wauza vitumbua, ndio wazee wa leo. Kabla yao mji ulikuwa mahali pa kufanyia kazi, uzee ukingojewa shamba. Hawa ni kizazi cha kwanza kuzeekea mjini kwa wingi, na hapana mila iliyowatangulia ya kuwaonyesha namna ya kufanya. Nchini mwetu watu wenye miaka 60 na zaidi wamepita milioni tatu. Ni sehemu ndogo ya watu wote, karibu sita katika kila mia, na ndiyo maana ni rahisi kutowaona.

Tukasema, kama ni mila tuitafute ndani ya nyumba yenyewe. Hebu msomaji aifikirie nyumba ya Kiswahili kama tulivyoikuta Magomeni na Kariakoo. Mbele pana baraza, na mzee aliyeketi barazani anaonwa na kila apitaye. Asipoonekana kwa siku moja, watu wanauliza. Katikati pana ukumbi, na milango ya vyumba vyote hufunguka hapo, hata kikohozi cha chumba cha mwisho kinasikika. Nyuma pana ua, wanawake wakipika na kufua, na mzee akiwa juu ya mkeka anachambua mchele na kuwakemea watoto. Wapangaji wa nyumba moja walitoka makabila matano, lakini mtu akiugua aliuguzwa na nyumba nzima. Ule ulikuwa mpango wa matunzo, ingawa hakuna ofisi iliyouandika. Mchana haukuwa na saa ambayo mzee yuko peke yake.

Siku tulipomfungia mama, nyumba ilikuwa ile ile, lakini baraza tulikuwa tumeijengea ukuta na kuipangisha kwa fundi wa simu, na ukumbini kila mlango ulikuwa na geti lake la chuma kwa kuogopa wezi. Wapangaji walitoka alfajiri wakarudi usiku. Tuliubomoa mpango ule kwa mikono yetu, tofali kwa tofali, kila mara kwa sababu nzuri. Jirani zetu wa Magomeni Kota walihamishwa mwaka 2011 nyumba zao za zamani zilipobomolewa, na mwaka 2022 kaya 644 zikarudishwa katika majengo mapya ya ghorofa. Ni majengo mazuri, yenye maji na umeme, wala hatuna haja ya kuyabeza. Aliyepata kulala chini ya bati linalovuja hatamani kulirudia. Ila mzee aliyezoea kuketi mlangoni na kuusalimu mtaa mzima, leo anautazama mtaa huo kutoka juu.

Kuna na jambo la lugha, ambalo waalimu wa Kiswahili wanaweza kulichunguza vizuri zaidi yetu. Tuna neno kulea, lakini sisi twalea mtoto, na hata mimba twailea. Mtu akisema anamlea mama yake, wasikilizaji hutabasamu, kana kwamba amempindua mzazi juu chini. Tuna kuuguza, lakini anayeuguza hungojea moja kati ya mawili, mgonjwa apone au afe, na kwa vyovyote hungojea kwa majuma. Mama hakuwa na ugonjwa wa kupona, wala hakuwa mtu wa kufa kesho. Alikuwa na miaka mbele yake, miaka ya kulishwa, kuoshwa, kugeuzwa na kusikilizwa. Maofisini husema "huduma za muda mrefu". Mitaani watu husema tu, "Tunaye mzee ndani." Tunaye ndani! Msemo huo wakati mwingine hutajwa kwa sauti ya chini, kama watu wenye siri.

Na siri ipo. Mwanamume hamwoshi mama yake. Hilo kwetu halikuwa la kujadiliwa. Hata kumwona bila kanga ni laana. Kwa hiyo kila tuliposema kwa fahari kuwa "sisi tunamtunza mama," maana yake ni kwamba mwenzetu anamtunza. Yeye ndiye aliyeamka usiku kubadili mpira wa kitanda na shuka, ndiye aliyefua, na duka lake Kariakoo likafungwa, asilifungue tena. Hakupokea senti kwa kazi hiyo, wala hesabu yoyote ya taifa haikuiandika kuwa ni kazi. Ilikuwa mwaka 2017, alipokwenda kumzika dada yake Tanga, mama akajichafua usiku wa manane na nyumbani hapana mwanamke, ndipo tulipofahamu kuwa miiko mingine ilitungwa na watu waliokuwa na wanawake wengi uani. Tulimfunika mama kanga, tukapitisha mkono chini yake na kitambaa na maji ya vuguvugu, macho yetu yakitazama ukutani. Naye akasema, "Ahsante kaka." Tulimshukuru Mungu kwamba hakutujua.

Yule jirani aliyevunja kufuli, ambaye hadi hapo tulimjua kama mstaafu mnyamavu tu, ndiye aliyetutoa gizani. Katika miaka ya 1990 na baadaye, UKIMWI ulipojaza wodi zetu, wagonjwa wengi walirudishwa majumbani, na nchi ikawafunza watu wa kujitolea waliopita nyumba hadi nyumba na mkoba wa glavu, dawa ya vidonda na sabuni. Jirani alikuwa mmoja wao. Alitufundisha kwamba asiyejigeuza hana budi kugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo nyama ya makalio na visigino huoza kwa kulaliwa. Na kwamba wekundu usioondoka ukibonyezwa kwa kidole ndiyo hatari ya kwanza. Mwenye kiharusi asilishwe akiwa amelala chali, kwani uji utaingia pumuni. Aketishwe wima, apewe kijiko kidogo upande wenye nguvu, na abaki amekaa kwa muda baada ya kula. Mzee anayesahau asibishwe. Akisema anakwenda mtoni, mpe ndoo, fuatana naye hadi kwenye bomba la uani, na mrudi pamoja. Elimu hii yote haikuchukua zaidi ya juma moja kufundishwa. Tulisoma miaka kumi na sita na zaidi, tukapewa na vyeti, pasipo kufundishwa hata jambo moja kati ya hayo.

Hatukuficha tena. Tulibomoa ukuta wa baraza, fundi wa simu akahamia ng'ambo ya barabara. Tulipouliza mtaani, nyumba nyingine mbili nazo zilikuwa na "mzee ndani", mmoja mwanamume kipofu, mmoja mama aliyevunjika nyonga. Tukakubaliana kwamba asubuhi watatu hao waketishwe katika baraza yetu hadi alasiri. Nyumba tatu tulichanga kumlipa mama mmoja wa mtaani aliyefunzwa na jirani, na vijana wawili wa kuwanyanyua asubuhi na jioni.

Malipo hayo yalizua maneno. Mzee mmoja wa msikitini, mtu tunayemheshimu, alituambia kuwa kumlipa mtu amtunze mzazi wako ni desturi ya Wazungu. Tulimsikiliza kwa adabu, hatukukubaliana naye. Mkunga wa kienyeji alipewa kanga na kuku, mchimba kisima alipewa chakula chake na zaidi, na hakuna aliyesema kuwa ukoo umevunjika. Kilicho kigeni ni kumpa mtoto wa miaka kumi na minane kazi inayowashinda wauguzi, kwa mshahara wa kufagia ua, halafu kumlaumu anapokimbia.

Tuliwahi pia, tukubali, kwenda kimyakimya kutazama mojawapo ya makazi ya wazee ya serikali. Baadhi ya makazi hayo, kama yale ya Nunge huko Kigamboni, yalianza kwa ajili ya watu wenye ukoma, na hadi leo yamewekwa kwa ajili ya wasio na mtu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema wazi kwamba familia ndiyo itakayobaki msingi wa matunzo, na makazi yawe njia ya mwisho. Hatuna ugomvi na maneno hayo. Lakini kati ya familia na njia ya mwisho kuna nafasi kubwa sana, na humo ndimo wazee wengi wa mjini wamo: wana watoto, na watoto wana kazi, na mchana mlango umefungwa.

Zanzibar imetutangulia kwa hatua moja. Tangu Aprili 2016 kila mkazi aliyefikisha miaka 70 hupewa pensheni jamii, kwanza shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye 50,000, bila ya kuulizwa kama alipata kuajiriwa serikalini. Mama yetu, ambaye vitumbua vyake havikuwa na mfuko wa pensheni, angeifurahia fedha hiyo, hata kama ni ya sukari na sabuni. Hata hivyo fedha haimgeuzi mtu kitandani saa nane za usiku. Panatakiwa mikono, na mikono iliyofunzwa. Wajapani, ambao karibu watatu katika kila kumi wao wana miaka 65 na zaidi, waliona hilo, na tangu mwaka 2000 kila mtu huko, akifikisha miaka 40, huchangia bima ya lazima ya matunzo ya uzeeni, nayo humpelekea mzee msaidizi nyumbani kwake wa kumwosha na kumlisha. Hatusemi tuwaige, wao wana mishahara ya kukatwa, na wengi wetu tunaishi kwa biashara ya siku hadi siku. Tunasema tu kwamba walihesabu mapema.

Mikono tunaweza kuipata. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwafunza wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika nchi nzima. Watapita kwa mama wajawazito na watoto wachanga, na ni haki. Laiti mikoba yao ingekuwa na nafasi ya mzee, na masomo yao yakawa na lile juma moja la jirani yetu! Na laiti kila mtaa, unapopimiwa viwanja vya shule na soko, ungepimiwa na baraza moja yenye kivuli, choo cha chini kisicho na ngazi, na mtu anayelipwa kukaa hapo kutwa. Tunawaandikia haya waalimu wenzetu na wanafunzi wao tukijua hatari yake: shule hupenda kuokoa fedha za watu wakubwa kwa nguvu za watoto. Mwanafunzi akimsomea mzee gazeti alasiri, ni vyema. Asifanywe mwuguzi wa bure.

Mama alifariki mwaka 2019, kitandani kwake, mgongo wake hauna kidonda hata kimoja. Jambo hilo la mgongo jirani alilitaja msibani mbele ya watu, na sisi, tuliopata kutunukiwa vyeti vya utumishi mwema, hatujapata kusifiwa sifa iliyotuingia kama hiyo.

Mwaka 2022 tulitimiza miaka 60, tukastaafu. Watoto wetu wako Dodoma na Arusha, wanapiga simu kila Jumapili. Mwenzetu anaugua magoti kwa ile kazi ya miaka mitano ya kuinua na kulaza. Baraza bado ina wazee asubuhi, sasa ni wanne, na mwaka huu mama aliyekuwa akilipwa ameomba nyongeza, akapewa. Ufunguo wa chumba chetu tumemwachia jirani. Ameutundika msumarini kwake, juu ya mtungi, karibu na funguo za nyumba nyingine tano.